Kuuguza Mwenzi Ugenini

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, na kwa wengi wao tiba yake hufuatwa mbali. Mashine ya mionzi huhitaji chumba chenye kuta nene za zege, umeme usioyumba, daktari bingwa wa saratani, mtaalamu wa fizikia ya tiba na wataalamu wa kuiendesha. Hospitali ya wilaya haina vitu hivyo. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kando ya Bahari ya Hindi jijini Dar es Salaam na iliyoundwa kuwa taasisi kwa sheria ya mwaka 1996, ilikuwa kituo pekee cha mionzi nchini. Baadaye Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ikaanza kutoa huduma hiyo. Mwanamke wa Kigoma anayepewa rufaa ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000, na akisindikizwa na mumewe, wote wawili wanakwenda kuishi ugenini kwa muda wa miezi miwili hivi. Mke anakwenda kutibiwa, na mume anakwenda kuuguza.

Uzito wa kazi ya mume huonekana kwenye ratiba ya tiba. Saratani iliyovuka hatua ya upasuaji lakini haijasambaa mbali hutibiwa kwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano hivi. Mara moja kwa wiki mgonjwa huwekewa dripu ya dawa iitwayo cisplatin, inayoongeza nguvu ya mionzi. Kisha hufuata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa kwa muda mfupi hadi karibu na uvimbe wenyewe. Yote hayo yanatakiwa kumalizika ndani ya wiki nane. Siku zikirukwa ovyo, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuzaliana, na uwezekano wa kupona hupungua. Kwa hiyo kumuuguza mgonjwa wa mionzi, kabla ya mengine yote, ni kulinda siku zake zisikatike.

Ulinzi huo huanza nyumbani. Mkoba wa safari hubeba barua ya rufaa, majibu ya kipimo cha nyama, picha zilizopigwa, kadi ya bima kama ipo, na dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za VVU kwa anayezitumia. Familia iliyosahau majibu ya nyama inaweza kupoteza siku nyingi ikisubiri bahasha itumwe kwa basi. Watoto, mifugo na shamba hukabidhiwa kwa mtu anayejua kwamba ni miezi miwili, wala si siku chache. Familia isiyo na bima, au iliyoishiwa, hufika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, badala ya kusubiri senti ya mwisho itoke.

Linalofuata ni malazi. Si kila mgonjwa wa mionzi hulazwa; wengi huja asubuhi na kuondoka. Kukaa kwa ndugu huokoa pesa, lakini nyumba iliyo pembezoni mwa jiji humaanisha daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa mtu anayetapika na kuharisha. Chumba kidogo kilicho karibu, chenye choo cha karibu na maji ya uhakika, kinaweza kuwa nafuu kuliko kinavyoonekana. Hapa ndipo mipango ya afya inapopaswa kupanuka. Bajeti ya saratani inayohesabu mashine na dawa, bila kuhesabu mahali pa kulala mgonjwa na anayemuuguza, haijakamilika. Mgonjwa anayekatisha tiba kwa kukosa pa kulala amekosa tiba, hata kama mashine ilikuwa nzima.

Katika uangalizi wa kila siku, chakula kina nafasi ya pekee. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, maana yake uji uwe tayari. Dripu ya saratani huongeza sharti jingine: uji uwe tayari, lakini mgonjwa aulizwe namna atakavyouweza. Ladha hubadilika, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa yatosha kumtapisha. Uji uliopoa, ndizi, wali mlaini au mtori, kidogo kidogo mara nyingi, hupita kwa urahisi kuliko sahani moja kubwa. Maji ni ya lazima, kwa kuwa cisplatin huweza kuumiza figo. Dawa ya kichefuchefu humezwa kwa saa zilizoandikwa, kabla kutapika hakujaanza. Mionzi ya nyonga huleta kuharisha na maumivu wakati wa kukojoa, hasa kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Maji ya chumvichumvi ya ORS hurudisha kilichopotea, na daktari huelezwa mapema.

Ngozi iliyopigwa mionzi huoshwa taratibu kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa bila kusuguliwa. Alama zilizochorwa na wataalamu hazifutwi, kwani ndizo zinazoongoza mionzi. Khanga laini ya pamba humfaa mgonjwa kuliko nguo ya kubana. Mionzi ya nje haibaki mwilini, hivyo mke akitoka kwenye mashine anaweza kulala kitanda kimoja na mumewe na kumpakata mtoto. Dawa ya dripu ndiyo inayotaka tahadhari: kwa saa 48 baada yake, matapishi na choo hushikwa kwa glovu, na nguo zilizochafuka hufuliwa peke yake.

Mwenye kuuguza anapaswa kujua dalili zisizosubiri asubuhi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliyewekewa dripu ni dharura, kwa sababu chembe nyeupe za damu huenda zimeshuka na maambukizi madogo yakawa makubwa kwa saa chache. Kumpa paracetamol na kulala huificha homa bila kuiondoa. Anayetokwa damu nyingi, anayekosa mkojo, anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa au anayetapika bila kukoma hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Kipimajoto na namba ya simu ya wodi vinastahili kuwa mfukoni mwa kila mume aliyepanga chumba karibu na hospitali.

Maumivu nayo yana dawa. Mofini ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Kuandikiwa mofini si dalili kwamba mgonjwa amekatiwa tamaa, na ikitumiwa kwa maelekezo ya daktari haimfanyi kuwa mraibu wa dawa za kulevya. Huleta kufunga choo, hivyo huandamana na dawa ya kulainisha choo.

Ndoa yenyewe hubadilika. Mume aliyezoea kupikiwa hujikuta akipika, akifua na kumwogesha mkewe, na mke huona haya kuogeshwa. Mionzi ya nyonga hukomesha hedhi na uzazi, na huweza kuubana uke. Tendo la ndoa husubiri ruhusa ya daktari, na kuna vifaa na mafunzo ya kuzuia kubana huko. Haya husemwa kwa sauti ya chini au hayasemwi kabisa, na mwanamke hubaki peke yake na aibu isiyomstahili. Wahudumu wanapaswa kuyaeleza kwa wote wawili wakiwa wamekaa pamoja, kabla ya tiba kuanza.

Anayeuguza naye ni mwili. Asiyelala na asiyekula huanguka wiki ya tatu, na akianguka, siku za mgonjwa hukatika. Ndugu mmoja hupangwa kuja kumpokea kwa siku chache katikati ya safari. Mwingine hupokea habari na kuzisambaza, ili simu isilie usiku kucha. Watoto huelezwa ukweli kwa maneno ya umri wao.

Siku ya mwisho ya mionzi, familia huondoka na muhtasari wa tiba kwa ajili ya hospitali ya nyumbani, dawa, na tarehe ya kliniki. Uchovu na kuharisha huweza kuendelea kwa wiki kadhaa, hivyo uangalizi huendelea hivyo hivyo nyumbani. Nauli ya kurudi kliniki hutengwa mapema, na tarehe hiyo nayo hulindwa isirukwe.