Mbio Zilizochelewa Miaka 41

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani mbele ya wenzake katika mkutano wetu wa mwaka, Kyela)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo na afya. Nadhani Katibu alisikia kwamba Februari 2025 nilikwenda Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon, akaona nimekuwa mtaalamu. La hasha. Mimi ni mwanagenzi, tena mwanagenzi wa miaka 58.

Jambo lilianza kwa daktari. Alinipima shinikizo la damu, akapima tena, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilitoka jasho lini bila ya kuwa na homa. Sikuwa na jibu. Nikanunua viatu.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani alfajiri nikakimbia hadi mwembe wa tatu, nikakaa chini. Mama mmoja aliyekuwa akienda kwenye mpunga na jembe lake alisimama akaniuliza kwa upole kama kuna msiba. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema, "Pole, baba," akaenda zake.

Kijana mmoja anayefundisha michezo ndiye aliyenionea huruma. Alinipa kanuni moja tu: kimbia kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Kwa hiyo nikawa nakimbia nikiwaamkia watu wote njiani, na watoto wa Ipinda wananijua hadi leo. Baada ya miezi minane niliweza kwenda saa mbili bila kusimama. Lakini sisi wa Bondeni tuna shida moja: nchi yetu ni tambarare. Ziwa letu liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na ukitaka kilima hapana budi ushike barabara ya Tukuyu. Nilikwenda huko Jumamosi tatu tu. Nikajiona tayari.

Mbio zile za Moshi zilianza mwaka 2003. Zipo za kilomita 42, za kilomita 21, na zile fupi za kilomita 5 kwa familia. Huanzia na kumalizikia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Mimi niliandikisha 21. Asubuhi ile nilipoona maelfu ya watu wenye namba vifuani, Watanzania, Wakenya na Wazungu, vijana na vikongwe, nilitamani kurudi kitandani. Mlima ulikuwa wazi, kofia yake nyeupe inaonekana, na jua la Februari lilikuwa bado halijapata nguvu.

Tukaachiwa. Hapo ndipo kanuni ya kijana wangu ilipopotea. Watu walikimbia, nami nikakimbia nao kama ninayedaiwa. Kilomita tatu za kwanza nilikuwa simba. Kisha barabara ya kwenda Mweka ikaanza kupanda. Njia ya mashindano yale huanzia kama mita 830 na kufika mita 1,150, wala haina haraka ya kumaliza kupanda. Migomba huku, kahawa kule, wenyeji wamesimama kando wakishangilia. Kufika kilomita ya tisa nilikuwa natembea, na msichana mwenye umri wa mjukuu wangu alinipita akaniambia, "Kaza, babu."

Nikainama nikashika magoti. Kijana wa pikipiki akaja taratibu kando yangu, akanong'ona: "Mzee, panda nikusogeze. Kuna njia inakatiza migombani, hakuna atakayekuona."

Ndugu zangu, sasa nasema lile nililojia hapa.

Wale wa miaka yangu mnakumbuka mbio za nyika za mwaka 1984, nikiwa kidato cha tatu. Mvua zilikuwa zimenyesha, mto umejaa, na watatu wa kwanza ndio waliochaguliwa kwenda mashindano ya wilaya. Nilishika nafasi ya tatu, mkanibeba juu juu hadi bwenini. Mto ule mimi sikuuvuka. Nilijificha kwenye migomba, nikawasubiri wanarudi, nikatokea mbele ya mwenzetu aliyekuwa wa tatu kwa haki. Yeye akawa wa nne. Wilayani nilikwenda mimi, nikawa karibu na mkia. Yeye hakuitwa tena.

Nilimtazama yule kijana wa pikipiki, nikatazama migomba. Nikamwambia, "Ahsante mwanangu, njia hiyo naijua."

Nikaendelea kwa miguu. Nilipogeuka kule juu na kuanza kuteremka nikarudia kanuni: nikazungumza. Nilimsemesha kila aliyekuwa karibu, nikanywa maji kila kituo. Nilimkumbuka John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 kule Mexico alianguka, goti likaumia, akamaliza marathon akiwa wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa nchi yake ilimtuma kumaliza, haikumtuma kuanza tu. Mimi sikutumwa na nchi, ila nilikuwa na deni.

Niliingia uwanjani baada ya saa mbili na dakika 58. Kucha mbili za miguu ziligeuka nyeusi. Nikavishwa medali, ileile wanayopewa wote wanaomaliza.

Juma lililofuata nilikwenda nyumbani kwa mwenzetu yule. Nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Najua. Sisi wote tulikuwa na matope hadi kiunoni. Wewe ulikuwa mkavu." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba alingoja niseme mwenyewe, na baadaye akachoka kungoja. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumdai aniambie. Aliniruhusu niyaseme haya leo, mradi nisilitaje jina lake. Nilipoaga akanisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama kilima cha Mweka ni kikali kuliko cha Tukuyu.

Septemba 2025 sote tulimwona Alphonce Simbu akishinda marathon ya dunia huko Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu ndogo mno ya sekunde. Mtu aweza kukimbia kilomita 42 na kila hatua ikawa na maana. Mimi niliiba hatua nyingi kuliko hizo.

Basi kwa mliokuja kusikia habari za afya: muoneni daktari kwanza, anzeni polepole, kimbieni mkizungumza, na kilima msikidharau. Kwa waliobaki na deni la siku zile za shule, mkutano huu haujafungwa. Mwenye deni anaweza kulilipa kabla ya chakula.