Feni Zisizopiga Kelele: Jinsi ya Kupoza Kompyuta Mliyoiunda Wenyewe

Kila mmoja na ashike kalamu na daftari lake, maana leo kuna tarakimu za kuandika. Somo letu ni juu ya joto, upepo na kelele ndani ya kompyuta. Walimu wa vikundi wanaombwa waweke kompyuta mezani, kasha lake limefunguliwa ubavuni, na waya wa umeme umechomolewa ukutani. Msiwashe chochote mpaka nitakapowaambia.

Tuseme kikundi chenu mmechanga fedha kidogo kidogo. Mmenunua vipande kimoja kimoja, mkaviunga wenyewe, ili mpate kuandika barua na kuweka hesabu za ushirika wenu. Mashine imewaka, nanyi mmefurahi. Lakini inavuma kama kinu cha kusagia mahindi. Chumba ni kimoja: upande huu mtu anaandika, upande ule mtoto mchanga amelala. Usiku wa kwanza watu huvumilia. Usiku wa tatu mtu huamka akachomoa waya wa feni ili apate usingizi. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa kuwa mashine isiyopata upepo hufanya kazi kwa shida, na vipande vyake huchakaa kabla ya wakati.

Basi tusichague kati ya usingizi wa mtoto na uzima wa mashine. Vyote viwili vyaweza kupatikana, tukijua kazi ya feni.

Joto latoka wapi?

Umeme unaoingia katika kompyuta hautokomei hewani. Karibu wote mwishowe hugeuka kuwa joto. Kompyuta inayotumia wati 200 hutoa joto sawa na balbu mbili za zamani za wati 100, zikiwa zimefungiwa ndani ya sanduku. Jambo hili si geni. Kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1946, ilitumia kilowati 150 hivi, na ilihitaji mitambo ya kuvuta hewa ili isiungue. Mashine zetu ni ndogo, lakini sheria ni ile ile.

Kipande kinachopata joto zaidi ni prosesa, ambacho ndicho akili ya mashine. Juu yake hukaa kipoozeo, yaani bamba la chuma lenye mapezi mengi, na juu au ubavuni mwa kipoozeo kuna feni. Prosesa nyingi za siku hizi zikifika digrii 95 au 100 hujipunguzia kasi zenyewe. Joto likizidi hapo, mashine hujizima. Kwa hiyo mkiona kompyuta inakuwa nzito baada ya nusu saa ya kazi, msikimbilie kulaumu programu. Pimeni joto kwanza.

Tena kumbukeni jambo moja: feni haitengenezi baridi. Feni huondoa hewa moto na kuleta hewa ya chumbani. Ikiwa chumba chenu cha Dar es Salaam au Mombasa kina digrii 32, hakuna feni itakayoifanya mashine iwe na digrii 25. Vitabu vingi vya maelezo huandikwa na watu waliopima katika vyumba vya digrii 20 na kitu. Chumba chenu kikiwa na joto zaidi ya chao kwa digrii 10, na prosesa yenu itazidi kwa digrii 10 hivi. Hiyo si ishara ya ubovu.

Njia ya upepo

Fikirini jiko la nyumbani lenye dirisha moja tu. Moshi hukwama ndani, na mpishi hutoka machozi. Toboeni tundu chini upande mmoja, na jingine juu upande wa pili, na moshi utakwenda zake. Kasha la kompyuta ni vivyo hivyo. Hewa baridi iingie mbele, chini. Hewa moto itoke nyuma, juu. Kwa mashine ya kawaida, feni mbili mbele za kuingiza na moja nyuma ya kutoa zatosha.

Kwa nini za kuingiza ziwe nyingi? Kwa sababu ya vumbi. Hewa inayoingia ikizidi ile inayovutwa nje, kasha hujaa, na hewa husukumwa kutoka katika kila upenyo. Vumbi halipati njia ila kupitia mbele, na huko mbele mtaweka chujio. Mkifanya kinyume, kila tundu dogo litavuta vumbi la barabarani.

Sasa shikeni feni moja mkononi. Upande mmoja mapanga yako wazi. Upande wa pili kuna vijiti vinavyoshikilia mota, na mara nyingi karatasi yenye maandishi. Hewa huingia upande ulio wazi, hutokea upande wa vijiti. Feni nyingine zina mshale ubavuni. Fundi mgeni hukosea hapa mara nyingi: huweka feni zote zikitazamana, zikagombania hewa ile ile.

Mwendo wa polepole

Hapa ndipo kiini cha somo letu, basi sikilizeni vizuri. Feni ikipunguzwa mwendo hadi nusu, hewa inayosukumwa nayo hupungua hadi nusu. Lakini kelele hupungua zaidi sana, kwa kadiri ya desibeli 15. Desibeli ni kipimo cha sauti, na sikio la mtu huona upungufu wa desibeli 10 kama sauti iliyokatwa nusu.

Tufanye hesabu. Chukueni feni moja inayokwenda mbio. Mahali pake wekeni feni mbili za namna ile ile, zikienda nusu ya mwendo. Hewa ni ile ile: nusu na nusu ni moja. Kelele ya kila moja imepungua kwa desibeli 15. Kwa kuwa ni mbili, ongezeni desibeli 3. Faida iliyobaki ni desibeli 12. Ndiyo sababu wajuzi husema feni mbili za polepole hushinda moja ya mbio.

Vile vile feni kubwa hushinda ndogo, maana husukuma hewa nyingi kwa mizunguko michache. Kama kasha lina nafasi ya feni ya milimita 140, msinunue ya 120. Kama ni ya 120, msinunue ya 80 kwa sababu ya bei tu.

Huenda mtu akauliza: je, mwendo wa polepole utatosha? Kwa mashine ya wati 200, tukikubali hewa itoke ikiwa imezidi joto la chumba kwa digrii 10, inahitajika hewa lita 17 hivi kwa sekunde. Hiyo haifiki ndoo moja ya lita 20. Feni tatu nzuri za milimita 120 zaweza kuifanya kazi hiyo bila kukimbia.

Kufunga na kuunga waya

Kwanza, gusani chuma cha kasha kwa mkono kabla ya kushika vipande, ili umeme mdogo wa mwilini utoke. Sanduku la umeme, ambalo mafundi huliita pawasaplai, lisifunguliwe kamwe. Ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya.

Pili, chini ya kipoozeo kipya mara nyingi kuna karatasi ya plastiki. Ibandueni. Kisha pakeni krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya njegere, na kukaza skrubu kwa zamu, kona hii na ile ya mkabala.

Tatu, feni za kasha zikazwe kwa kiasi. Zikilegea, zitagongagonga; zikikazwa kupita kiasi, mtikisiko wote utaingia katika bati, na bati litavuma kama ngoma. Mkipata vishikizo vya mpira, vitumieni badala ya skrubu. Fungeni waya zote mbali na mapanga. Sauti ya tik-tik-tik mara nyingi ni waya unaoguswa na panga.

Nne, tazameni plagi ya feni. Yenye matundu matatu hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa volti. Yenye matundu manne hupewa volti 12 kamili, na tundu la nne hupokea amri ya mwendo. Feni ya kipoozeo ichomekwe penye herufi CPU_FAN katika ubao mkuu. Feni za kasha zichomekwe penye CHA_FAN au SYS_FAN. Msiziunge moja kwa moja kwenye pawasaplai, kwa maana huko zitakwenda mbio mchana na usiku, wala hazitasikia amri.

Kuipa feni amri

Sasa rudisheni waya ukutani, muwashe. Mashine inapoamka, bonyezeni kitufe cha Delete au F2, kama kitabu cha ubao kinavyosema. Mtaingia mahali panapoitwa bayosi. Tafuteni ukurasa wa feni. Kwa plagi ya matundu manne chagueni PWM, kwa ya matatu chagueni DC. Kisha andikeni ngazi hizi, ambazo zafaa kuanzia katika nchi ya joto:

Mpaka digrii 60: asilimia 35.
Digrii 70: asilimia 50.
Digrii 80: asilimia 75.
Digrii 90: asilimia 100.

Tazameni kwamba ngazi ya chini inafika digrii 60. Watu wa nchi za baridi huanza kupandisha mwendo kwenye digrii 40. Kwetu prosesa yaweza kuwa na digrii 45 hata ikiwa haina kazi. Mkiiga ngazi zao, feni hazitatulia hata kidogo.

Kama bayosi ina nafasi ya kuchelewesha, wekeni sekunde chache. Prosesa hupanda joto ghafula kila mfungunapo programu, kisha hushuka. Bila kuchelewesha, feni zitapaa na kushuka, zitapaa na kushuka, na sauti ya namna hiyo huudhi zaidi kuliko mvumo wa siku zote. Tena hakikisheni kuwa kila feni inazunguka kwa asilimia 35. Ikisimama, iongezeeni kidogo.

Pimeni, andikeni

Pigeni mistari katika daftari, mpate safu tatu: joto la chumba, joto la prosesa, na tofauti. Ifanyisheni mashine kazi nzito kwa nusu saa, kisha someni joto. Tuseme chumba kina digrii 31, prosesa ina 78. Tofauti ni 47. Mwezi ujao pimeni tena kwa kazi ile ile. Tofauti ikiwa 57, mashine inawaambia ya kwamba imeziba vumbi.

Ikiwa joto ni kali tangu siku ya kwanza, funueni ubavu wa kasha mpime tena. Likishuka sana, hewa ilikuwa haitoshi: ongezeni feni, au ondoeni kinachoziba mbele. Lisiposhuka, kosa liko kwenye kipoozeo au krimu yake. Kwa njia hii hamtatupa fedha kununua kisichohitajika.

Kila mwezi mmoja au miwili zimeni mashine, chomoeni waya, mlitoe chujio na kulikung'uta nje ya nyumba. Futeni mapanga kwa brashi laini, huku mkiyazuia kwa kidole yasizunguke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa haya, mama ataweza kuandika hesabu za ushirika usiku, na mtoto asigutuke. Ikiwa katika kikundi chenu mtu mmoja ameelewa kuliko wenzake, naye asikae kimya. Awashike mkono wengine. Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini si vema kuchomoa feni ili kupata kimya?
2. Hewa hutokea upande gani wa feni? Onyesheni kwa kipande cha karatasi nyepesi.
3. Chumba kina digrii 29, prosesa ina 73. Tofauti ni ngapi?
4. Feni moja ya mbio au mbili za polepole: ni zipi mtakazochagua, na kwa sababu gani?
5. Tafuteni mahali panapofaa kuweka kompyuta katika chumba chenu, mbali na jiko, jua na sakafu yenye vumbi.