Njia ya Mji ni Mali ya Watu Wote
(Maneno ya mazungumzo juu ya kanuni za barabara na kuegesha magari katika Kisiwa cha Mombasa)



Katika Mji wa Kale wa Mombasa iko njia iitwayo Ndia Kuu. Kwa Kimvita ndia ni njia. Basi maana ya jina hilo ni Njia Kubwa. Mgeni aingiaye humo leo kwa motokaa huenda akacheka, kwa kuwa motokaa moja ikisimama kando, ya pili hupita kwa shida. Lakini wazee waliolitoa jina hilo hawakukosea. Waliipima njia yao kwa mtu aendaye kwa miguu, kwa punda, na kwa hamali aliyejitwika mzigo kutoka Bandari ya Kale. Kwa hao ilikuwa njia kuu kweli kweli. Njia yenyewe haikupungua. Vipitavyo ndani yake ndivyo vilivyobadilika.

Habari hiyo ya Ndia Kuu ndiyo habari ya kisiwa kizima. Kila chombo kipya kilipoingia Mombasa, hapakuwa na budi kutafuta kanuni mpya. Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kulaza reli nyembamba ya kwenda bara, lakini kazi hiyo haikufika mbali. Vyuma vyake vikatumiwa katika njia za mji, na juu yake vikapita vigari vidogo vilivyosukumwa na watu. Baadaye zikaja motokaa. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kuelea la Nyali, na mwaka 1980 daraja lililopo sasa likachukua mahali pake. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya thamani juu ya pikipiki ndogo, na bodaboda zikaenea upesi katika nchi nzima. Leo matatu, tuktuk, bodaboda, malori, mikokoteni na watu wa miguu hugombania nafasi ile ile waliyoiacha wazee.

Kwa hiyo hapana ajabu kwamba kanuni za barabara na za kuegesha magari hazina budi kutazamwa upya mara kwa mara. Swali lililo muhimu zaidi ni hili: Je, zitengenezwe na nani, na kwa shauri la nani?

WANAOLALA KISIWANI NA WANAOINGIA ASUBUHI

Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Katika hao, Mvita, yaani kisiwani, walikaa watu 154,171 tu. Likoni walikuwa 250,358, Kisauni 291,930, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, na Changamwe 131,882. Maana yake ni kwamba katika kila watu wanane wa kaunti hii, ni kama mmoja tu aliyelala kisiwani. Wengine wako ng'ambo, na wengi wao huvuka kila siku kwa Makupa, kwa Daraja la Nyali, au kwa feri ya Likoni, wakifuata kazi, soko, hospitali, shule na ofisi za Serikali.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, kanuni ya kuegesha magari katika Barabara ya Digo au Barabara ya Nkrumah si shauri la wenye maduka wa hapo peke yao. Inamhusu pia mwanamke wa Likoni ateremkaye katika feri alfajiri na kikapu chake cha mboga akielekea Marikiti. La pili, mkutano wa kusikiliza maoni ya watu ukifanywa mahali pamoja tu, katika jumba moja la kisiwani, na saa za kazi, basi wengi wa wanaohusika watakuwa wamefungiwa mlango pasipo mtu kuwafukuza.

AMRI IKO MIKONONI MWA NANI?

Kabla ya kulalamika yafaa mtu ajue aulalamikie upande gani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeziachia kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za njiani, kuongoza magari na mahali pa kuyaegesha, na uchukuzi wa abiria. Tangu mwaka 2013 kazi hizo ziko mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa na Bunge lake. Lakini barabara kuu za taifa zina mamlaka zake, zilizowekwa na sheria ya mwaka 2007. Polisi wa barabarani ni wa Serikali ya taifa, nao hufuata Sheria ya Trafiki, ambayo asili yake ni ya mwaka 1953. Leseni za madereva na za magari ya abiria zina mamlaka nyingine tena, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Kwa hiyo dereva wa matatu aweza kuambiwa na mkono mmoja asimame hapa, na mkono wa pili ukamwadhibu kwa kusimama. Kanuni njema ya kaunti yapasa ifanywe pamoja na polisi na mamlaka za barabara tangu mwanzo, si kupelekewa habari baada ya rangi kukauka barabarani.

MAHAKAMA ILIVYOSEMA

Wako wadhanio kwamba kuuliza watu ni heshima tu, ambayo mtawala aweza kuitoa au kuizuia. Sivyo. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 kimelipasa Bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kuwashirikisha watu. Tena, kifungu cha 210 kimekataza kodi au ada ya leseni kutozwa pasipo sheria.

Neno hili limekwisha kupimwa. Mwezi wa Aprili, 2014, Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu watu hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba haitoshi kutupa tangazo mahali fulani na kumwachia anayetaka alitafute. Ilipasa watu waitwe kwa njia nyingi: makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza ya hadhara, na kwa redio za taifa na za lugha za wenyeji. Akaongeza kwamba sheria ikiwa ni ya kutoza fedha, wajibu huo ni mzito zaidi. Nayo ada ya kuegesha magari ni fedha, na kwa kawaida hutiwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, ilisema kwamba ushiriki lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu. Lakini haikusema kwamba kila atoaye maoni sharti apewe atakalo. Haki ni ya kupewa nafasi ya kutosha, ya kueleweshwa jambo lenyewe, na ya maoni kupimwa kwa moyo safi. Mwananchi atakayekumbuka pande zote mbili za neno hili atadai haki yake bila matusi, na akishindwa atashindwa bila uchungu.

MAHALI PAMOJA, WATU ISHIRINI

Sasa litazamwe jambo lenyewe la kuegesha. Tuseme mbele ya duka moja katika Mtaa wa Biashara pana nafasi ya motokaa moja. Mwenye duka afika saa mbili ya asubuhi, aegesha motokaa yake hapo, na haiondoi mpaka saa kumi na mbili ya jioni. Nafasi ile imemtumikia mtu mmoja kwa muda wa saa 10. Kama wanunuzi wa leso wangekaa nusu saa kila mmoja, nafasi ile ile ingaliwatumikia watu 20. Mwenye duka hulalamika kwamba wanunuzi hawaji, kumbe mlango wameuzibiwa na motokaa yake mwenyewe.

Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 2005 kwamba nafasi ya bure si ya bure. Gharama yake hulipwa na wengine, hata wasio na motokaa. Shauri lake lilikuwa kwamba ada ipangwe kwa kadiri ambayo katika kila kipande cha mtaa hubaki nafasi moja au mbili wazi, na fedha zinazopatikana zirudi kuutengeneza mtaa ule ule uliozitoa. Shauri hilo lastahili kupimwa Mombasa. Ada ya kutwa nzima humfaa akaaye kutwa nzima. Ada ya saa humfaa apitaye. Na mtu aonaye fedha yake imegeuka taa na njia safi ya miguu mbele ya mlango wake hulipa kwa moyo mwepesi kuliko yule asiyejua ilikokwenda.

Hata hivyo kuna wenye haki ya njia wasioegesha chochote. Kuna hamali wa mkokoteni, ambaye bila yeye mzigo hautoki Marikiti. Kuna watoto waendao chuoni. Kuna kiziwi, kipofu na mtu wa kiti cha magurudumu, ambao kifungu cha 54 cha Katiba kimewapa haki ya kufika mahali pa umma. Kuna adhuhuri ya Ijumaa, watu wanapojaa katika misikiti ya Mji wa Kale, na asubuhi ya Jumapili katika makanisa ya Barabara ya Nkrumah. Kuna magari ya watalii wajao kuiona Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 na kutiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Kanuni isiyojua saa za mji itavunjwa na watu wema.

Tena, kanuni ikatazayo bila kuonyesha pa kwenda haidumu. Ukimwambia dereva wa tuktuk, "Usisimame hapa," hapo hapo mwambie asimame wapi. La sivyo atazunguka kona na kusimama palipo pabaya zaidi.

USIKU WA MOTO

Liko jambo moja ambalo halina upande wa pili. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ndani yake mna boriti, ngazi na roshani za mbao. Zimesongamana ukuta kwa ukuta. Moto ukizuka usiku katika mtaa ambao motokaa zimelala pande zote mbili, gari la zimamoto litasimama mwanzo wa njia huku wenye nyumba wakiliona kwa macho. Mama anayeshikwa na uchungu wa kuzaa hatabebwa na gari la wagonjwa lisiloweza kugeuka. Hata jeneza linalotoka nyumbani hupitishwa kwa kuinamisha.

Jirani anayeegesha mahali pabaya hamtakii mwenziwe mabaya. Husema, "Ni dakika tano tu." Lakini moto haungoji dakika tano. Kwa hiyo, wakati wa kushauriana, wakazi wenyewe ndio wafaao kusema ni kona zipi na vichochoro vipi visiegeshwe kabisa, mchana wala usiku. Hakuna mhandisi ajuaye kona hizo kuliko wao.

JINSI YA KUTOA MAONI YAFAAYO

Mswada wa kaunti hupita hatua zake: husomwa mara ya kwanza Bungeni, hupelekwa kwa kamati, watu huitwa kutoa maoni, kamati huandika taarifa, kisha mswada hujadiliwa na kupitishwa, na gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha. Wakati wa kusema ni wakati wa kamati. Asemaye baada ya kutangazwa katika Gazeti la Serikali amechelewa, ingawa bado aweza kulipelekea Bunge ombi.

Maoni yaliyo mazuri si yenye kelele. Mtu asemaye, "Njia zetu zimeharibika," amesema kweli, lakini karani hana la kuandika. Bali asemaye, "Katika kona hii, tangu saa saba hata saa nane mchana, malori matatu hushusha mizigo pamoja, na watoto wa shule hupita katikati ya barabara, yafaa mizigo ishushwe kabla ya saa mbili asubuhi," huyo ametoa mahali, saa, hesabu, madhara na dawa. Kumjibu huyo kwa maneno matupu ni vigumu. Wakazi wa mtaa mmoja wakikaa barazani jioni mbili au tatu wakihesabu, wataingia mkutanoni na silaha iliyo bora kuliko hasira.

Upande wa Serikali nao una deni lake. Mswada uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na ramani. Mikutano ifanywe Likoni na Kisauni kama ifanywavyo Mvita, na saa ambazo watu wametoka kazini. Na baada ya kusikiliza, itangazwe ni maoni yapi yaliyokubaliwa na yapi yaliyokataliwa, na kwa sababu gani. Mtu aliyekataliwa kwa sababu aweza kurudi mwaka ujao. Aliyekataliwa kwa ukimya harudi tena, na kanuni humfuata kama mgeni asiyemjua.

Wazee wa Mombasa walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Siku ya mkutano itakapotangazwa, mwenye motokaa na aende, na asiye na motokaa na aende pia. Maana njia yapita mbele ya milango yao wote wawili.