Kwa Nini Mfumo Huwa Mzito Rekodi Zinapohamishwa

Aliyewahi kupiga foleni hospitalini akaambiwa na karani kwamba mfumo ni mzito huenda amejiuliza: mashine mpya zimenunuliwa, mbona kazi inakwenda polepole? Mara nyingine sababu ni kwamba rekodi zinahamishwa kutoka diski kuukuu hadi mpya huku watu wakiendelea kuhudumiwa.

Wauzaji wa viazi wanalijua jambo hili. Stoo ina mlango mmoja. Wapagazi wakitoa magunia yote mfululizo, mnunuzi aliyefuata gunia moja atangoja nje. Wakimpisha kila mnunuzi, kuhama kutachukua siku nyingi.

Hesabu zenyewe ni hizi. Terabaiti moja ni megabaiti milioni moja. Ikinakiliwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde, kazi huisha kwa muda usiotimiza saa 3. Mafundi wakipunguza mwendo hadi megabaiti 20 ili karani apate nafasi, itachukua karibu saa 14; terabaiti 10 zitakaribia siku 6. Na hapo ni faili kubwakubwa. Maelfu ya faili ndogondogo huenda polepole zaidi, hasa kwenye diski ya kuzunguka, kwa kuwa kichwa cha kusomea hulazimika kurukaruka kuitafuta kila moja.

Ndiyo maana kazi hii mara nyingi hupangiwa usiku. Aprili 2015, Safaricom ilipohamisha M-Pesa kutoka mitambo iliyokuwa Ujerumani hadi Kenya, ilichagua usiku wa wikendi, na kwa saa kadhaa huduma ilisimama. Hospitali, lakini, haina usiku wa kufunga. Mama anayejifungua saa nane usiku anahitaji rekodi zake. Huko ni afadhali saa 14 za mwendo wa pole kuliko saa 3 ambazo karani hapati chochote. Ofisi ya leseni inaweza kufanya kazi hiyo Jumamosi ikamaliza.

Kuna jambo ambalo wenye haraka hulisahau: rekodi zinazoandikwa wakati kunakili kunaendelea. Zisipofuatwa, malipo ya asubuhi yatabaki kwenye diski kuukuu. Kwa hiyo mwishoni mfumo husimamishwa kidogo, yaliyosalia yapelekwe na nakala mbili zilinganishwe, na diski ya zamani haifai kufutwa siku hiyohiyo. Mkazi aliyelipa ada siku ya kuhama asifute ujumbe wa malipo kwenye simu hadi risiti yake ionekane kwenye mfumo mpya.