Kidole Gumba Nacho Kinachoka

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Majengo, Mpanda)

Nasikia hapa Majengo kuna mabingwa wa gemu. Safi sana! Sikuja kumfukuza mtu kwenye kibanda cha gemu, kazi hiyo nawaachia wazazi. Nataka tuongee juu ya mwili.

Watu husema gemu ni mchezo wa kukaa tu. Wapi! Hebu shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, halafu chezesha vidole. Unasikia kinachotembea mle ndani? Misuli mingi inayoendesha vidole iko hapo. Inavivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Ukibonyeza padi mara elfu bila kupumzika, kano zinaweza kuvimba. Zikibana mshipa wa fahamu unaopita hapohapo, kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi.

Mchina Jian Zihao, maarufu kama Uzi, alikuwa nyota wa League of Legends. Juni 2020 alitangaza kustaafu akiwa na miaka 23 tu. Mkono ulikuwa umeumia, tena alikuwa na kisukari, na mwenyewe alitaja kukesha, unene na kula ovyo. Baadaye alijaribu kurudi. Januari 2021 Mmarekani Thomas Paparatto, wa Call of Duty, naye aliacha mashindano kwa maumivu ya kidole gumba na kifundo. Na hawa walikuwa na timu na mishahara!

Msiseme hayo ni ya mbali. Mkenya Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya nje mwaka 2018. Kesho anaweza kuwa mmoja wenu, kama vidole vitakuwa bado vizima.

Sasa wewe, hela ya chakula cha mchana imeishia kwenye gemu, umekaa tangu saa nane, macho hayapepesi. Kila nusu saa weka padi chini, simama, tazama mbali barabarani. Mkono ukiuma, usimeze dawa ya maumivu ili uendelee kucheza.

Ganzi ikikuamsha usiku, au kalamu ikikuponyoka darasani, nenda zahanati. Mweleze mganga kwamba unacheza gemu, na saa ngapi kwa siku. Ukificha, atahangaika kutafuta ugonjwa mwingine.

Haya, nani ana swali?