Hifadhi ya Macho kwa Makarani wa Kompyuta



Nimepewa heshima ya kuzungumzia taabu ambayo makarani wengi wameizoea hata wakaidhania kuwa ni sehemu ya ajira yao, nayo ni kutoka kazini alasiri macho mekundu, yakiwasha kama yaliyotiwa mchanga, na kibao cha daladala hakisomeki mpaka kitambo kipite.

Aghalabu lawama hutupiwa mwanga wa kompyuta; walakini mwanga huo ni hafifu mno ukilinganishwa na wa jua, wala haikuthibitika kwamba unaliharibu jicho. Taabu yatokana na namna tutazamavyo. Mtu azungumzapo na mwenziwe hupepesa macho kadiri ya mara 15 kwa dakika, na kila apepesapo, machozi hutandazwa upya juu ya jicho. Lakini akikikodolea kioo, hasa anakilipo tarakimu, idadi hiyo huweza kushuka chini ya nusu, jicho likakauka, na feni impulizayo usoni ikazidisha ukavu. Tena ndani ya jicho mna msuli mdogo uizungukao lenzi, ambao hujikaza tutazamapo cha karibu na kulegea tutazamapo cha mbali, na kuukaza saa nne mfululizo ni kama kumwamuru hamali asimame na gunia begani asilitue.

Nilipata kukaa barazani Ng'ambo, mjini Unguja, na mama mmoja mshona kofia, kazi ya vitobo vidogo kuliko herufi zetu, nikaona kwamba kila uzi ulipomwishia aliinua uso, akautazama mwembe wa ng'ambo ya njia, kisha ndipo akatunga uzi mwingine. Karani wa taipureta naye alikuwa na nafasi zake, za kurudisha gari na kubadili karatasi. Kompyuta imeziondoa zote, nasi hatuna budi kuzirejesha kwa kusudi: kila dakika 20, kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa muda wa sekunde 20, na kupepesa macho taratibu.

Kioo nacho kiwe mbali kadiri ya urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, ili kope zilifunike jicho zaidi. Na dirisha liwe ubavuni. Waliotimiza miaka 40 wapimiwe miwani kwa umbali wa kioo, kwani ile ya kusomea kitabu huwalazimisha kuinamia mbele. Nasihi yangu kubwa ni juu ya dawa za matone zinunuliwazo bila ya cheti: zile zenye steroidi, zikitumiwa muda mrefu, huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na huko ni kutibu uchovu kwa upofu.

Kwenu, wakuu wa idara, nina ombi moja: mkimkuta karani ameinua uso, anautazama mnazi ulioko nje, msimhesabie uvivu, mwacheni atimize sekunde zake 20.