HIFADHI ZA BAHARI NA RIZIKI YA MVUVI

(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, masheha na wananchi wa shehia za pwani)



Mvuvi wa Unguja na Pemba anaijua thamani ya matumbawe kuliko mtu mwengine yeyote. Mabishano juu ya hifadhi za bahari yanatokana na suala jengine: ni nani anayechora mpaka, na ni nani anayekosa kitoweo mpaka ukishachorwa? Mifano mitatu ya Visiwa hivi inatoa mafunzo.

Wa kwanza ni Chumbe. Tangu mwaka 1994 mwamba wa magharibi ya kisiwa hicho umefungwa kabisa kwa uvuvi. Baadhi ya waliokuwa wavuvi walifunzwa kazi ya ulinzi, nao hulinda bila ya silaha, kwa kuwaelimisha wenzao. Hata hivyo, mwamba huo uko kando ya njia ya meli na haukuwa tegemeo kubwa la ngalawa. Kilichowezekana Chumbe hakiwezekani kwa wepesi huo pale ambapo kijiji kizima kinakula kutokana na mwamba mmoja.

Wa pili ni Ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye kilomita za mraba 470. Humo uvuvi unaruhusiwa. Kinachokatazwa ni zana haribifu, kama vile baruti na sumu. Utaratibu huu unamwachia mvuvi bahari yake, lakini unategemea doria. Boti ikikosa mafuta, katazo hubaki katika karatasi.

Wa tatu ni Misali, magharibi ya Chake Chake, ambako wavuvi wa Pemba hupiga dago. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alipofika hapo na kukosa msala wa kusalia, alikifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Kisiwa kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, sehemu ndogo ilifungwa na sehemu kubwa ikaachiwa wavuvi. Baadaye mafundisho ya dini juu ya amana ya viumbe yalitumika kuwaelimisha. Mwaka huo huo joto la bahari liliua matumbawe mengi. Mpaka humzuia mtu, joto haulizuii.

Ndugu Wananchi,

Wanaosahauliwa zaidi katika mijadala hii ni wasio na vyombo, hasa wanawake wanaochokoa pweza na kuokota chaza maji yanapokupwa wakati wa bamvua. Mwenye mashine huweza kwenda mbali. Anayekwenda kwa miguu hana pa kuhamia.

Kwa hao, kufunga kwa muda kumeonesha njia. Pweza hukua upesi mno, na miezi michache ya kumwacha humwongezea uzito mkubwa. Kijiji cha Andavadoaka, Bukini, kilianza utaratibu huo mwaka 2004, na katika miaka ya karibuni wananchi wa Kisiwa Panza, Pemba, nao wameufuata. Wanaofunga ni wenyewe, na siku ya kufungua inajulikana. Tatizo ni kwamba siku hiyo hata wasiovumilia kufunga huja kuvuna. Hivyo, zamu na haki za kila kundi hazina budi kukubaliwa kabla ya kufungwa.

Kwa hiyo, kabla ya mstari kuchorwa katika ramani, mtumishi anayehusika anapaswa kupata majibu ya masuala matatu kutoka dikoni: nani huvua hapo, kwa zana gani na msimu gani, atavua wapi mahali hapo pakifungwa, na mapato ya wageni yatamfikia vipi. Kamati za Uvuvi za Shehia ziulizwe mwanzo, zisiitwe mwisho kusomewa uamuzi. Na wanawake wa pwani wakae katika vikao hivyo kama wajumbe.

Hifadhi iliyokubaliwa na wavuvi hulindwa usiku na mchana hata boti ya doria isipokuwapo. Iliyowekwa bila ya wao huhitaji askari kila siku, na askari hao hawatoshi.